Nafasi ya Kwanza Ina Bei: Hila za Mpiga Kura Katika Kura ya Kupanga

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wajumbe wanaoandaa kanuni za uchaguzi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wasiofika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa.)

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wajumbe, mabibi na mabwana,

Nianze na swali, na kila mmoja alijibu moyoni mwake. Umepewa karatasi ya kura yenye majina matatu. Umeambiwa uyapange: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Je, namba moja utampa yule unayempenda kuliko wote?

Naona vichwa vinaitikia. Ndivyo tunavyoambiwa na wanaoinadi kura ya kupanga: andika kilicho moyoni, hesabu waachie wahesabuji. Mimi siipingi kura ya kupanga. Naiona bora kuliko kuweka alama kwenye jina moja na kuondoka. Lakini ahadi hiyo haitimiziki. Kwa kanuni yoyote mtakayoichagua, ipo siku mpiga kura mwenye akili timamu atanufaika kwa kuandika mpangilio ambao si wa moyoni mwake.

Nikisema hila simaanishi wizi. Hakuna sanduku lililojazwa usiku. Namzungumzia mpiga kura halali, mwenye karatasi yake moja halali, aliyekaa akapiga hesabu.

Jambo hili lina uthibitisho wa kihisabati. Allan Gibbard aliuchapisha mwaka 1973, na Mark Satterthwaite akaufikia kivyake mwaka 1975. Wote wawili walionyesha hivi: kanuni yoyote isiyotumia bahati nasibu, ambayo inaweza kuwapa ushindi wagombea watatu au zaidi, na ambayo haimwachii mtu mmoja kuamua peke yake, ina hali fulani ambamo uongo wa mpiga kura unalipa. Hakuna marekebisho ya kanuni yatakayoliondoa hilo. Kwa hiyo kamati ikikaa kutafuta kanuni isiyo na hila kabisa, inapoteza posho za vikao.

Swali lenu liwe jingine. Uongo gani unalipa? Watu wangapi wanahitajika kuusema? Wanahitaji kujua nini kabla ya kupiga kura? Na mambo yakienda kombo, nani anaumia? Nitayarudia maswali haya manne mpaka mnichoke.

Tuanze na njia ya mtoano, kwa kuwa ndiyo inayotumika zaidi. Tunahesabu namba moja za kila karatasi. Kama hakuna aliyevuka nusu, aliye mkiani anatolewa, na karatasi zake zinahamia kwa aliyeandikwa anayefuata. Tunarudia mpaka mmoja avuke nusu ya kura zilizobaki mezani.

Njia hii ina sifa moja nzuri sana: namba mbili haisomwi mpaka namba moja awe ametoka. Kwa hiyo kumwandika mtu wa pili hakuwezi kumdhuru wa kwanza wako. Mtu anayewaambia wafuasi wake waandike jina moja tu "ili tusimsaidie mpinzani" hajaielewa hesabu, au anawadanganya.

Uongo unaolipa hapa ni mwingine. Ni kumkimbia umpendaye.

Mkitaka kuuona, chukueni kalamu. Tarehe 16 Agosti 2022 jimbo la Alaska nchini Marekani lilifanya uchaguzi mdogo wa kiti chake katika Baraza la Wawakilishi. Walibaki watatu wenye nguvu: Mary Peltola wa Democratic, na Sarah Palin na Nick Begich, wote wawili wa Republican. Namba moja zilikuwa hivi: Peltola 75,799, Palin 58,973, Begich 53,810. Begich akatolewa. Kati ya karatasi zake, 27,053 zilikwenda kwa Palin, 15,467 kwa Peltola, na 11,290 hazikuwa na jina jingine, zikaishia hapo. Peltola akashinda kwa 91,266 dhidi ya 86,026.

Mpaka hapo hakuna kasoro. Sasa fungueni karatasi za Palin, zile ambazo hakuna aliyewahi kusoma namba mbili zake kwa sababu Palin alifika fainali. Watu 34,049 walimwandika Begich wa pili. 3,652 walimwandika Peltola. 21,272 hawakuandika mtu.

Mshindanisheni Begich na Peltola peke yao kwa karatasi zilezile. Begich ana 53,810 zake na 34,049 za Palin, jumla 87,859. Peltola ana 75,799 na 3,652, jumla 79,451. Begich anashinda. Mshindanisheni Begich na Palin: waliompenda Peltola wanamsogeza Begich hadi 101,217 dhidi ya 63,618. Anashinda tena, tena kwa mbali. Mtu ambaye angemshinda kila mmoja wakikutana wawili wawili ndiye aliyetolewa wa kwanza.

Mngekuwa miongoni mwa wale 34,049, mliomtaka Palin, mkamkubali Begich, msiomtaka Peltola, mngefanya nini?

Hesabu ni hii. Pengo la Palin na Begich lilikuwa kura 5,163. Kila anayehama kutoka Palin kwenda Begich analipunguza kwa mbili. Watu 2,582 wangemwandika Begich namba moja kinyume cha mioyo yao, Palin angekuwa mkiani kwa kura moja, angetolewa, na Begich angechukua kiti. Watu 2,582 kati ya 34,049. Kwa kumweka mpenzi wao namba moja walimpata yule wasiyemtaka kabisa.

Kuna la ajabu zaidi. Watu 5,164 wa kundi hilo wangebaki nyumbani siku ile, Palin angeshuka hadi 53,809, angetolewa, na Begich angemshinda Peltola kwa 82,695 dhidi ya 79,451. Yaani kulala kungewafaa kuliko kupiga kura!

Na la tatu, ambalo watu hukataa kuliamini mpaka walikokotoe wenyewe. Chukueni watu 5,164 kati ya wale waliomwandika Palin peke yake, wahamisheni kwa Peltola. Peltola ameongezewa kura, si ndiyo? Lakini Palin sasa anatolewa mapema, Peltola anakutana na Begich, na anashindwa kwa 84,615 dhidi ya 87,859. Mshindi ameongezewa kura elfu tano, akapoteza ushindi. Hapo ndipo inapozaliwa hila ya kumbeba dhaifu: unampa namba moja mpinzani unayemmudu ili umtoe yule usiyemmudu. Katika maisha ya kawaida hila hii ni hatari mno, kwa sababu ukizidisha kidogo unampa ushindi uliyemfanya ngazi. Sijui chama chenye nidhamu ya kuipima kwa kijiko. Mimi nisingeogopa hiyo. Ningeogopa ile ya kwanza.

Yaliwahi kutokea pia Burlington, mji wa jimbo la Vermont, mwaka 2009. Katika kumchagua meya, Andy Montroll alitolewa akiwa wa tatu ingawa karatasi zilionyesha angemshinda kila mpinzani mmoja mmoja. Bob Kiss akamshinda Kurt Wright katika duru ya mwisho. Mwaka uliofuata wapiga kura wa mji huo waliifuta njia ya mtoano, kwa tofauti ndogo.

Hatari hii inakuja lini? Hapa nataka tuelewane vizuri. Mgombea umpendaye akiwa mdogo, wa asilimia tatu au tano, mweke namba moja bila wasiwasi: atatoka mapema na karatasi yako itahama ikiwa nzima. Akiwa na nguvu ya kushinda yeyote, mweke namba moja. Hatari ipo katikati, pale anapotosha kumtoa mtu wa maridhiano lakini hatoshi kushinda fainali. Vyama vidogo vinavyosifu mtoano vikiwa vichanga hukutana na ukuta huu siku vinapokua.

Turudi kwenye maswali yetu, matatu ya kwanza. Uongo gani? Kumkimbia umpendaye. Watu wangapi? Alaska, chini ya mmoja katika kumi na watatu wa kundi husika. Wajue nini? Hapo ndipo mtoano unapojitetea: wangepaswa kujua mapema nani atakuwa wa tatu, na nani atashinda kila fainali inayowezekana. Mwaka 1991 John Bartholdi na James Orlin walithibitisha kwamba wagombea wakiwa wengi, kuitafuta kura ya hila katika njia hii ni tatizo gumu hata kwa kompyuta, kwa hali mbaya kabisa. Msilale kwa sababu ya uthibitisho huo, lakini. Ugumu ule ni wa wagombea wengi. Kwa wagombea watatu, mimi na wewe tumemaliza hesabu kwa kalamu hapa hapa.

Ndugu zangu, tuhamie njia ya alama. Mwaka 1770 Mfaransa Jean-Charles de Borda aliipeleka mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris. Wagombea wakiwa watatu, wa kwanza anapata alama 2, wa pili 1, wa mwisho 0. Jumlisha, mwenye nyingi ameshinda. Ni rahisi, inapendeza, na mtoto wa shule anaweza kuihesabu. Inasimuliwa kwamba Borda alipoambiwa kuhusu hila, alijibu kuwa njia yake ni ya watu waaminifu tu.

Mimi sijawahi kuona daftari la wapiga kura lenye safu ya waaminifu.

Tazameni wapiga kura 100. Watu 55 wameandika Asha, Baraka, Chausiku. Watu 45 wameandika Baraka, Asha, Chausiku. Asha ana 155, Baraka ana 145. Wengi wamempata wao. Sasa watu 11 tu kati ya wale 45 wamshushe Asha hadi mwisho na kumpandisha Chausiku wasiyemjali. Asha anabaki na 144. Baraka, mwenye 145, ameshinda, ingawa zaidi ya nusu ya ukumbi walimweka Asha wa kwanza.

Hii inaitwa kuzika. Angalieni tofauti yake na mtoano. Hapa hauhitaji kujua nani atatoka lini. Unahitaji kujua jambo moja tu: mpinzani mkuu wa mtu wako ni nani. Na nani asiyelijua hilo? Ndiyo maana naiogopa njia ya alama kuliko nyingine zote katika uchaguzi wenye ushindani wa kweli.

Wakizika wote je? Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wekeni kambi tatu zinazokaribiana: 35, 34 na 31. Wagombea ni wanne: kila kambi ina wake, na wa nne ni mtu asiye na kambi wala sera, jina limeingia tu kwa bahati. Alama ni 3, 2, 1, 0. Kila kambi inamweka wake wa kwanza na, ili kuwazika wapinzani wawili, inampa yule wa nne nafasi ya pili. Yeye anapata 2 kutoka kwa kila mtu: 200. Kambi kubwa ina 105 zake, na hata ikipewa alama 1 na wengine wote haivuki 170. Ameshinda mtu ambaye hakuna hata mmoja aliyemwandika wa kwanza, na kila mtu ukumbini anamtazama mwenzake.

Kisiwa cha Nauru kinatumia alama tangu 1971, lakini kwa mizani nyingine: wa kwanza 1, wa pili nusu, wa tatu theluthi, wa nne robo, na kuendelea. Ukimshusha mpinzani kutoka wa pili hadi wa tatu unamnyima sehemu moja ya sita tu. Katika mfano wangu wa 55 na 45, wazikaji wanaohitajika wanapanda kutoka 11 hadi 31. Bei yake ni kwamba nafasi ya kwanza sasa ina uzito mkubwa, na anayempenda mgombea asiye na nafasi anashawishika kumkimbia. Umeziba tundu huku, limefunguka kule.

Njia ya tatu ni ya ana kwa ana, inayohusishwa na Condorcet, msomi Mfaransa, na maandishi yake ya 1785. Karatasi zinatumika kuendesha mapambano ya wawili wawili, na anayewashinda wote ndiye mshindi. Ingemchagua Begich kule Alaska na Montroll kule Burlington. Basi tumepona? Bado.

Wapiga kura 100: watu 46 wameandika Asha, Baraka, Chausiku. Watu 44 wameandika Baraka, Asha, Chausiku. Waliobaki 10 wanampenda Chausiku, na nafasi ya pili wamegawana nusu kwa nusu. Asha anamshinda Baraka 51 kwa 49, anamshinda Chausiku 90 kwa 10. Mshindi halali. Wafuasi 44 wa Baraka wakimzika Asha chini ya Chausiku, Chausiku anamshinda Asha 54 kwa 46. Sasa kuna mduara: Asha kampiga Baraka, Baraka kampiga Chausiku, Chausiku kampiga Asha. Kanuni nyingi huuvunja mduara kwa kuupuuza ushindi mwembamba kuliko yote, ambao ni ule wa Asha wa kura mbili. Baraka anaibuka.

Lakini watu wangapi? Katika njia ya alama walitosha 11 kati ya 45. Hapa wanahitajika 42 kati ya 44, maana wakiwa 41 tofauti zinalingana. Nionyesheni kambi inayoweza kuwafunga midomo watu wake wote isipokuwa wawili! Na wakigundulika, kambi ya Asha ikalipiza kwa kumzika Baraka, Chausiku anawashinda wote wawili, 54 kwa 46 na 56 kwa 44. Mwenye kura 10 za moyoni ameondoka na kiti.

Ndiyo maana, kwa nafasi ya mtu mmoja, mimi nashauri mseto. Kwanza tafuta anayewashinda wote ana kwa ana. Akiwepo, kwisha. Asipokuwepo, usitazame tofauti nyembamba na nene, endesha mtoano. Jaribuni kwenye mfano huu: mduara umetokea, Chausiku mwenye namba moja 10 anatolewa, 5 zinakwenda kwa Asha na 5 kwa Baraka, Asha anashinda 51 kwa 49. Uzikaji wote ule haukuzaa kitu, kwa sababu mtoano hausomi chini ya jina la kwanza lililobaki. Zipo hali ambamo mseto nao unadanganyika, Gibbard na Satterthwaite hawakuacha mlango, lakini mzikaji anahitaji bahati zaidi.

Viti vikiwa vingi, hadithi ni ndefu, nitaigusa tu. Ireland huchagua wabunge wake kwa kupanga, na kila jimbo lina viti kadhaa. Kiwango cha kushinda ni kura halali kugawanywa kwa idadi ya viti iliyoongezwa kimoja, kisha kwenye jibu unaongeza kura moja: viti vitatu na kura 40,000, kiwango ni 10,001. Chama chenye wafuasi 16,000 na wagombea wawili kikiwaachia watu wampe nyota wao 13,000, wa pili ana 3,000, na hata apate ziada yote ya nyota iliyovuka kiwango, yaani 2,999, anafika 5,999. Anaweza kutolewa kabla kura za wengine hazijaanza kuhama. Wakigawana 8,000 kwa 8,000, wote wawili wanabaki mezani wakipokea. Kwa hiyo vyama huwaomba wafuasi wa upande huu wa jimbo waanze na huyu, wa upande ule waanze na yule. Kinachoharibika ni pale nyota anapogawa kupita kiasi akaanguka mwenyewe, na ugomvi wake haumaliziki ndani ya chama.

La mwisho ni la vitendo, kuhusu karatasi yenyewe. Msiwawekee watu ukomo wa nafasi ikiwa mnaweza kuepuka. New York, katika kura za ndani za Democratic za kumtafuta mgombea umeya mwaka 2021, iliruhusu nafasi tano kwa wagombea 13. Eric Adams alimshinda Kathryn Garcia kwa kura 7,197, na karatasi zaidi ya 140,000 zilikuwa zimekwisha majina kabla ya duru ya mwisho. Si zote ziliisha kwa sababu ya ukomo, wengine hawakutaka kuendelea. Lakini mwenye nafasi tano tu analazimika kukisia nani watafika fainali ili ampe mmoja wao nafasi moja, na kukisia huko ni hila tuliyomlazimisha sisi.

Je, mchapishe karatasi zote baada ya kuhesabu? Bila orodha kamili ya Alaska tusingeyajua haya ya leo. Ila kuna mtego. Wagombea wakiwa 10, mipangilio kamili ni 3,628,800. Mnunuzi wa kura anaweza kumwambia aliyemnunua: mtu wangu wa kwanza, kisha tisa waliobaki kwa mpangilio huu hasa. Mpangilio huo unakuwa saini. Orodha ikitoka anaitafuta, na siri ya kura imekwisha. Kwa wagombea watatu hatari hiyo haipo, chapisheni zote. Wakiwa wengi, chapisheni jedwali la ana kwa ana na hesabu ya kila duru, na karatasi zenyewe wazikague mawakala ndani ya chumba.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.